Marinda ya Mama Marthe

Ukihudhuria harusi katika lile kanisa la Wakongo la Troyeville, lililo ndani ya ghala la zamani la matairi, utaona jambo moja kabla hata hujapata kiti. Magauni ya mabibi harusi wote yamekatwa kwa fasoni moja, mshono ule ule. Kiuno hakipo mahali pa kiuno. Kimepandishwa mpaka chini ya kifua, na kuanzia hapo kitambaa kinateremka kwa marinda mengi mazito, hata huwezi kujua mwili wa mvaaji unaishia wapi. Wageni kutoka Pretoria huuliza kama ni desturi ya kabila fulani. Vijana huiita fasoni ya Troyeville. Wazee husema tu, "Ah, huo ni mkono wa Mama Marthe."

Ni mkono wake kweli. Marthe anashona Bellevue, katika chumba cha mbele cha nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba vingi, kila chumba na familia yake na harufu ya mboga yake. Chumba hicho anakodi pamoja na Fauzia, mwanamke wa Tanga anayeuza kanga, mabaibui na udi. Kati ya cherehani ya mmoja na rafu za mwenzake hakuna ukuta, kuna mazungumzo tu, nayo hayana mwisho. Marthe alitoka Uvira akiwa mjane kijana, binti yake Chloé mgongoni na mkasi mkobani, na Johannesburg haikumtisha. Aliitazama kama anavyotazama kitambaa kigumu: kinataka sindano nene, basi.

Marinda hayo hayakuanza kama urembo. Yalianza kama maficho.

Kanisa lile lina sheria ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua. Bibi harusi akionekana ana mimba, hapewi shela. Shela lenyewe ni moja, mali ya kanisa, linakaa katika sanduku la bati nyumbani kwa rais wa kamati ya akina mama, na kila bibi harusi huazimwa kwa siku moja. Akinyimwa shela, ndoa yake inafungwa siku ya kazi, mchana, bila kwaya, kama watu wanaosaini mkataba wa nyumba. Kisha anahamia benchi la nyuma. Haimbi, hashiriki meza ya Bwana, mpaka ajifungue na kusimama mbele ya kanisa zima kuomba msamaha. Na mwanamume aliyempa mimba? Jumapili inayofuata yuko mbele, anapiga gitaa. Tumbo lake halivimbi, kwa hiyo dhambi yake haina ushahidi.

Zamani kidogo msichana mmoja aliketi kwenye kiti cha plastiki dukani mwa Marthe akalia mpaka Fauzia akafunga mlango ili wateja wasimwone. Marthe hakumhubiria. Alichukua karatasi ya gazeti, akachora kiuno kilichopanda juu, akaanza kukunja marinda. Harusi ikapita, shela likavaliwa, hakuna aliyenusa kitu. Lakini fundi mzuri hufikiria gauni la pili kabla hajamaliza la kwanza. Marthe aliona kwamba kama fasoni ile itavaliwa na wenye mimba peke yao, haitachukua muda watu waanze kuinyooshea vidole. Basi bibi harusi aliyefuata, aliyekuwa mwembamba kama ufito, alimshawishi avae vilevile. Na aliyefuata. Na aliyemfuata huyo. Alisifia marinda mpaka wasichana wenyewe wakaanza kuyaombea. Miaka ikaenda, na kanisa zima likawa linaoa katika gauni moja, mwenye mimba na asiye nayo wakipita mlango mmoja wakiwa na umbo moja. Huruma ya Marthe ilikuwa imekuwa mtindo, na hakuna aliyeijua kwa jina lake.

Ndivyo alivyodhani.

Kisha akaja Mchungaji Hénock, kijana mwenye miwani na suti moja safi sana, mtu wa kufunga na kuomba, asiyekula mali ya kanisa wala kutazama wake za watu. Tumpe haki yake: hakuwa mnafiki. Kule Kalemie dada yake alidanganywa na mwanamume akaachwa na mtoto, na Hénock alikuwa ameapa kwamba katika kundi lake hakuna msichana atakayechezewa. Kosa lake ni lile ambalo watu wengi wema wamelifanya tangu zamani. Alitaka kuwakomesha wanaume wabaya, akaanza kwa kuwachunguza wanawake. Alikaa harusi tatu kimya, akitazama. Baada ya harusi ya tatu akamuuliza mzee mmoja mbona hapa mabibi harusi hawana viuno, na mzee, kwa utani tu, akajibu, "Pasta, Mama Marthe anatusitiri sote."

Utani ule ndio uliovunja nyumba.

Mama Mamie, rais wa kamati ya akina mama, alifika dukani Jumanne asubuhi. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kitambaa chake cha kichwa hakijawahi kupinda.

"Mama Chloé, amani ya Bwana."

"Na iwe kwako, Mama Prezida. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja na neno la kanisa."

Fauzia, aliyekuwa akikunja kanga, hakuinua kichwa. "Neno likija limesimama, mwenzangu, ujue halijaleta soda."

Mama Mamie akajifanya hakusikia. "Pasta amesema marinda yamekuwa paa la dhambi. Kuanzia harusi hii inayokuja ya Héritière, kila bibi harusi atapimwa mbele ya kamati siku ya kujaribu gauni. Tumbo. Kwa hiyo futi ya shingoni mwako. Wewe hupima mara mbili, si ndiyo? Siku gauni linapoagizwa na siku ya kujaribu. Kamati inataka kusikia namba zote mbili, kwa sauti. Zikiachana sana, hakuna shela."

"Na nani atapima?"

"Wewe. Ni fundi, na ni mama wa kamati. Nani mwingine?"

"Na bwana harusi je?" Fauzia akauliza, sasa amegeuka mzima. "Yeye mtampima wapi?"

"Dada Fauzia, haya ni mambo ya Wakristo."

"Tumbo nalo limebatizwa?" Fauzia akacheka, kisha akaacha kucheka. "Msinielewe vibaya. Hata kwetu wapo wa hivyo. Juzi tu wamepita wakitaka kujua somo gani kamfunda binti ya nani, na maneno gani aliambiwa ndani. Wanaume watupu, ndevu mpaka hapa, wanauliza habari za chumbani mwa wasichana. Nikawaambia, nyie kina baba, somo mnamtafuta wa nini? Mnaolewa?"

Mama Mamie alikaza uso, lakini pembe ya mdomo wake ilicheza. Mlangoni akageuka. "Mama Chloé, hili si la kuchagua. Mama wa kamati asiyetii naye anakaa nyuma. Unajua hilo."

Marthe alilijua. Alijua pia kwamba karibu kila gauni lililopita katika cherehani yake lilitoka kanisani humo. Lakini lililomtia hofu halikuwa hilo. Siku Héritière alipoagiza gauni, Marthe alimpima. Namba ile ilikuwa kichwani mwake, na mwezi uliopita, alipomkumbatia kumsalimia baada ya ibada, mikono yake ilikuwa imeshapima ya pili bila kuombwa.

Héritière alikuja jioni ile ile, kutoka saluni anakosukia nywele karibu na roboti, zile taa za magari za barabara kubwa. Habari ilikuwa imemfikia kabla ya kufunga kazi. Hakulia. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki akaweka mikono juu ya tumbo, na kwa namna alivyoiweka Marthe hakuhitaji kuuliza lolote.

"Joël anajua?"

"Joël ndiye aliyefurahi zaidi yangu. Amekwisha nunua kofia ya mtoto. Mahari ametoa, Mama Marthe, nyumbani wamekula mbuzi, wazee wameshikana mikono. Kwetu mimi ni mke wake tangu mwaka jana. Ni shela tu limebaki."

"Na unalitaka?"

Msichana akatazama chini. "Mama atatazama kwa simu, kule Kalemie. Ameshawaambia majirani wote. Amekodi hata jenereta umeme ukikatika. Anachotaka kuona ni hilo shela tu. Akiona kichwa kitupu, atajua, na majirani watajua, na atalazimika kujifungia ndani." "Unaweza kufanya kitu? Kwenye futi?"

Ndiyo, angeweza. Fundi yeyote anaweza. Unabana mwanzo wa futi chini ya kidole gumba, unaacha pengo la vidole vinne kati ya ncha zake, limefichwa kiganjani, na macho kumi ya kamati yatasoma unachotaka yasome. Marthe akamwambia arudi nyumbani akalale.

Binti yake Chloé alisikia habari yote wakati anapiga pasi pindo la sare za kwaya. Chloé anasoma historia chuo kikuu. Kiswahili anakielewa chote ila hukizungumza kwa mwendo wake, na mwezi ule alikuwa akiandika insha kuhusu watu waliojipa kazi ya kusafisha maadili ya wenzao, India na Ulaya, karne ya kumi na tisa. Marthe alizoea kumsikiliza kwa nusu sikio, kama redio. Siku ile alizima cherehani.

"Kwa hiyo utabana na kidole," Chloé alisema.

"Nitabana."

"Eish, Ma. Na harusi ijayo?"

"Nitabana tena. Ulitaka nifanye nini, nimtangaze?"

Chloé akasimamisha pasi. "Ngoja nikuambie kitu. Waingereza walipotawala India, jeshi lao lilikuwa na magonjwa ya zinaa. Unajua walifanya nini? Hawakuwapima askari. Waliweka sheria, wanawake wanaoishi karibu na kambi waandikishwe na wakaguliwe na daktari, wakikataa wanafungwa. Sheria ya namna hiyo ilikuwepo hata kwao England, kwenye miji ya bandari na ya jeshi. Polisi akikushuku tu, unapimwa. Mwanamume, hapana. Mwanamume anatembea."

"Kama gitaa la Jumapili," Marthe akasema.

"Kama gitaa la Jumapili. Sasa sikiliza. Nani walioipinga? Wanawake wa kanisa. Watu wa Biblia kabisa, wanaosali asubuhi na jioni. Walisimama kwenye mikutano wakasema wazi mambo ambayo mwanamke wa heshima wa wakati ule hakutakiwa hata kuyajua. Walirushiwa mawe na matope. Ikachukua miaka mingi, sheria ikafutwa kwao, na India ikafutwa baadaye kidogo. Hawakuificha, Ma. Waliisema."

Jambo lililomshika Marthe halikuwa mawe. Lilikuwa kwamba wanawake wale walikuwa wa kanisa. Maisha yake yote alidhani huruma inapaswa kuingia kanisani kwa mlango wa nyuma, imefungwa kwenye kitambaa.

"Kwa hiyo walishinda, ikawa raha," alisema.

"Hapana. Baadhi ya wale wale wakageuka, wakaanza wao kuwafukuza wanawake wa mitaani na kufunga nyumba zao, kwa jina la usafi. Na India kulikuwa na wanawake wa hekaluni, wacheza ngoma, waliowekwa wakfu kwa mungu wao. Wengine walikuwa na ardhi yao, nyumba yao, elimu yao. Wakaja wamisionari, wakaja na wasomi wa India wenyewe, wakasema hawa ni uchafu, tuwaokoe. Waliosemwa wanaokolewa wakapoteza ugali wao. Baadhi yao waliandikia serikali wakadai wasikilizwe kabla sheria haijapitishwa. Yaani, wanazungumzwa wao, na hakuna aliyewauliza." Akaichukua tena pasi. "Kila aliyetaka kusafisha dunia ameanza na mwili wa mwanamke. Wazungu, Wahindi, sisi. Na wewe umekuwa ukiuficha mwili huo. Kuficha ni kuzuri, Ma, sikatai. Lakini umeficha vizuri mpaka wakaona kila gauni lina siri. Marinda yako ndiyo yaliyoleta hiyo futi."

Hilo lilimchoma kweli. Mtoto anayekulia mbele ya cherehani yako anajua pa kukuchoma. Marthe alitaka kumjibu kwa ukali, lakini ilikuwa kweli. Aliwasitiri wengi kwa kuwafanya wote wafanane, na sasa wote walikuwa washukiwa.

Jumamosi ile, siku ya kujaribu gauni, chumba cha nyuma cha kanisa kilikuwa kimetundikwa pazia. Akina mama watano wa kamati walikaa kwenye viti, mikoba mapajani. Sanduku la bati la shela lilikuwa mezani, limefunguliwa, na lile shela jeupe limekunjwa ndani kama mtoto aliyelala. Mchungaji Hénock alibaki upande wa pili wa pazia, kwa heshima, akisubiri kuambiwa. Kutoka ukumbini zilisikika ngoma. Joël, ambaye kazi yake ni ulinzi na furaha yake ni ngoma, alikuwa anafanya mazoezi na kwaya. Ndiye mpiga ngoma wa kanisa. Hakuna aliyekuwa amemwambia aache.

Héritière alisimama katikati, ndani ya marinda.

"Basi tuanze," Mama Mamie alisema. "Namba ya kwanza?"

Marthe alivua futi shingoni. Kidole gumba chake kilijiandaa chenyewe, kwa mazoea. Macho yake yakakutana na ya Mama Mamie, na hapo kitu kikapita kati ya wanawake hawa wawili ambacho wengine hawakukiona. Binti mkubwa wa Mama Mamie alifunga ndoa katika kanisa hili hili, akavaa shela hili hili, na marinda yake yalikuwa mazito kuliko yote Marthe aliyowahi kukunja. Mama Mamie alijua. Alijua kwamba Marthe anajua. Uso wake mpana ulibadilika rangi, na mkono wake ukashika mkoba kama mtu aliyepanda gari lisilo na breki.

Sentensi moja tu ingetosha. Marthe aliihisi ulimini, tamu. Kisha akamkumbuka yule binti, ambaye sasa ana watoto na anaishi Durban na hayupo kujitetea, akaimeza. Kumtaja kungekuwa kumpima yeye naye, mbele ya watu, bila kumuuliza.

Akaizungusha futi mkononi mwake mwenyewe, akaifunga kama bandeji, akaitia mfukoni.

"Sipimi," alisema.

"Unasema?"

"Nimesema sipimi. Nimeshona humu miaka yote hii. Ninapima ili nguo ikae, sipimi ili mtu aanguke. Kama mnataka kujua habari ya tumbo la Héritière, yeye huyu hapa, ana mdomo. Tangu Jumanne mmekuja kwangu, mmekwenda kwa Pasta, mmekaa vikao. Nani amemuuliza mwenyewe?"

Ngoma zikaendelea kule ukumbini, pum, pum, kana kwamba nazo zinasubiri.

"Mama Chloé," Mama Mamie alisema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "utakaa nyuma."

"Nitakaa. Benchi ni mbao tu."

Mama mmoja wa kamati, aliyekuwa mzee kuliko wote, akamgeukia msichana. "Haya, mwanangu. Tunakuuliza."

Héritière alilitazama shela ndani ya sanduku. Marthe aliona anavyolitazama, akajua kinachopita kichwani mwake: mama yake, majirani, jenereta ya kukodi. Angeweza kusema hapana, na baada ya yaliyotokea nani angethubutu kumpima? Marthe mwenyewe, kwa nukta moja, alimwombea aseme hapana.

"Ndiyo," Héritière alisema. "Nina mimba. Ni ya mume wangu. Mahari imetolewa, mbuzi ameliwa, na mtoto huyu hakuibwa kwa mtu." Kisha, kwa sauti iliyopanda mpaka ng'ambo ya pazia: "Na kama ni dhambi, tuliifanya wawili. Mwiteni na yeye, asikie!"

Ngoma zikanyamaza. Joël aliingia kwa mlango wa upande, vijiti vyake bado mkononi, jasho usoni. Hakuna aliyemwita, alisikia. Akasimama karibu na mke wake, akamtazama mchungaji aliyekuwa sasa amefungua pazia.

"Pasta, akikaa nyuma, nakaa nyuma. Asipoimba, sipigi ngoma. Na siku akiomba msamaha mbele ya watu, tutaomba wote wawili, na tumbo liwe langu pia."

"Na Jumapili nani atapiga?" akauliza mama mmoja, kabla hajajizuia.

"Atapiga aliye msafi, mama. Mtafuteni."

Mtu akacheka, kisha wawili. Mchungaji Hénock hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa tai, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alikuwa amejiandaa kwa msichana anayelia na mwanamume anayekimbia. Hakuwa amejiandaa kwa wawili waliosimama. Mwisho alisema kwamba sheria ya shela siyo yake peke yake na hataivunja leo, shela halitoki. "Lakini harusi," akaongeza, akimtazama Joël, "itabaki Jumamosi ijayo. Na kwaya iwepo. Dada yangu aliachwa na mtu ambaye hakuwahi kuingia mlangoni hata kusema jina lake."

Kesho yake, Jumapili, Marthe alikaa benchi la nyuma, akiwa na Héritière mkono wa kulia na Joël mkono wa kushoto. Mahubiri yalipita bila ngoma, yakichechemea. Aligundua kwamba huko nyuma mtu anaona migongo ya watu wote, zipu zote na mishono yote aliyowahi kuishona, na kwamba mishono ile ilikuwa imenyooka. Moyo ukamtulia. Kabla ya wimbo wa mwisho yule mama mzee wa kamati akainuka kule mbele, akauburuta mkoba wake, akaja kukaa nao. "Magoti," aliwaambia waliomtazama. "Huku kuna nafasi ya miguu." Magoti yake hayakuwa na ubaya wowote.

Juma lile Marthe alifumua gauni la Héritière. Alikata uzi wa marinda mmoja baada ya mwingine, na kitambaa kikaanguka mezani kipana, chepesi. Fauzia alikuja kusimama karibu.

"Shoga, unafanya nini? Hiyo ndiyo ndizi na mchele wako."

"Nashusha kiuno."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kilipo."

Alishona gauni lililofuata mwili wa Héritière kama mkono unavyofuata shavu, na mahali pa tumbo hakuweka marinda, hakuweka ua, hakuweka chochote. Wasusi wa saluni walimsuka Héritière kichwa kwa siku nzima. Alipoingia kanisani Jumamosi, kichwa kitupu kiking'aa kwa shanga, tumbo mbele yake kama mgeni wa heshima, watu wote waligeuka kumtazama. Chloé alikuwa ameshika simu, na ndani ya simu alikuwepo mama yake Héritière, Kalemie, na nyuma yake majirani wamejazana mlangoni.

Chloé alisema baadaye kwamba uso wa mama yule ulisimama kabisa, akadhani mtandao umekatika. Kisha ukasogea karibu na kioo mpaka likabaki jicho moja.

"Hilo ni tumbo?" sauti ikauliza.

"Ndiyo, mama," Chloé akajibu, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kujibu.

"La mjukuu wangu? Na mmemwacha asimame muda wote huu? Mpeni kiti!" Na kabla hajamaliza kuna jirani aliyepiga kigelegele kule nyuma, na mwingine, na ukumbi wa Troyeville ukaitika. Joël, katika suti yake ya harusi, akashindwa kujizuia, akaenda akakaa kwenye ngoma.

Hivyo ndivyo watu wanavyosimulia, na huishia hapo, kwa kigelegele. Lakini kwa Marthe mambo yalimalizika siku nyingine, siku ya kawaida kabisa, mvua ikinyesha Bellevue na maji yakiingia chini ya mlango. Binti mmoja wa kwaya aliingia na mchumba wake. Alikuwa mwembamba, hakuwa na mimba wala dalili, na kamati ingempa lile shela kwa mikono miwili na wimbo juu.

"Nishonee kama la Héritière," alisema. "Kiuno mahali pake."

"Na shela? Mama Prezida atakuuliza."

"Ameshaniuliza. Nimemwambia libaki sandukuni." Akacheka kwa haya. "Nikilivaa mimi, watamtazama vibaya atakayekosa."

"Na yeye akasemaje?"

"Alinitazama weee. Kisha akasema nikija kwako nikusalimie, na kwamba benchi la mbele lina nafasi ukichoka na la nyuma."

Fauzia akaguna kule kwenye kanga zake. Marthe aliijua hesabu ile tangu zamani, ni yake mwenyewe: wote wavae sawa, ili mmoja asinyooshewe kidole. Ila safari hii hakuna aliyefichwa. Akavua futi shingoni, akamzungushia binti kiunoni, akasoma namba kwa macho. Kisha akamwita mchumba, aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama mvua.

"Na wewe, baba, njoo. Inua mikono."

"Mimi? Mimi nimeshanunua suti, mama."

"Inua mikono."

Akampima naye, polepole, kwa haki, na namba za wote wawili hakuzitamka.